Barua ya Wazi kwa Walinzi wa Kelele Wasiokuwepo

Kwa: Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani (EPA), Washington

YAH: PIKIPIKI ZINAZOPIGA FATAKI

Waheshimiwa,

Mwenye Harley-Davidson aliyeng'oa ekzosi ya kiwandani na kufunga nyingine ya dukani, pana kama tarumbeta, anastahili kuonewa huruma. Alilipia ngurumo, akapewa na fataki za nyongeza. Kila akiachia mafuta kwenye mteremko, bomba linajibu pa! pa-pa! na mbwa wa mtaa mzima wanaitikia.

Mafundi wanaujua ugonjwa huu. Pikipiki hutoka kiwandani imepimiwa petroli kiduchu na hewa tele, ipate kufaulu vipimo vya moshi vya Shirika lenyewe. Mwendeshaji akiachia mafuta, mchanganyiko huo mwepesi hauungui wote ndani ya silinda. Unaosalia hupita mbichi hadi kwenye bomba la moto, na ukikutana na hewa iliyonyonywa kupitia maungio yaliyolegea, unalipuka humo humo. Ekzosi ya zamani ilisitiri aibu hiyo, mpya inaitangaza.

Tiba ya kwanza haina makuu: kuziba maungio hayo. Wapo wanaonunua ekzosi ya mamia ya dola kisha wakarudishia gasketi ile ile iliyokwisha kusagika. Fundi mzoefu hupaka maji ya sabuni kwenye maungio injini ikiwa baridi, akaiwasha, akatazama. Povu likitokea, hapo ndipo pa kuanzia. Lisipotokea, petroli huongezwa kidogo: kwenye kabureta hubadilishwa jeti ya mwendo wa taratibu, kwenye injini ya kisasa huandikwa upya programu ya kompyuta yake.

Ni kwenye programu hiyo Shirika lilipoonyesha ushupavu wake. Agosti 2016 Harley-Davidson ilikubali kulipa faini ya dola milioni 12, hasa kwa vifaa vipatavyo 340,000 vya kubadilisha programu ya injini, ambavyo Shirika lilisema vinazidisha moshi mchafu. Kampuni haikukiri kosa. Ilisema vilikuwa vya mashindano tu. (Barabara za Marekani zina wanamashindano wengi ajabu.) Makubaliano ya awali yalikuwa pia na dola milioni 3 za kuwabadilishia watu majiko ya kuni, kama fidia kwa hewa. Mwaka uliofuata Wizara ya Sheria ikaziondoa, na majiko yakaachiwa moshi wake.

Moshi ni madhara ya kweli, hakuna ubishi. Lakini kelele je? Sheria ya Kudhibiti Kelele ni ya mwaka 1972. Kanuni ya pikipiki ilianza na zile za 1983, kikomo desibeli 83. Kwa za 1986 kikashuka hadi 80. Ekzosi za kubadilishia nazo zikatakiwa kubeba maandishi ya kuzitambulisha kuwa ni za barabarani au za mashindano. Kumbe bajeti ya ofisi yenu ya kelele ilikuwa imekatwa 1982! Kanuni ikaanza kazi yatima. Mpaka leo sheria haijafutwa, ila hakuna fungu la kuitekeleza.

Kwa hiyo Shirika limemkamata anayezima fataki, likampisha anayeziwasha.

Ombi ni dogo: apatikane mtumishi mmoja, mwenye masikio mawili na tochi, ainame nyuma ya pikipiki na kusoma maandishi ambayo Shirika lenyewe liliamuru yagongwe pale.

Wenu katika usikivu,
Jirani asiyelala

Nakala: Mkuu wa Ofisi ya Kelele (kiti ki wazi tangu 1982)