Sifa za Bwana Kijiko

Washairi wetu wamesifu jahazi, wamesifu mnazi, wamesifu wanawake mpaka wino ukakauka. Kijiko sijaona aliyekikumbuka. Wala siwalaumu, maana kijiko chetu hakina makuu: kikiwa kimoja ni kijiko, vikiwa viwili ni vijiko, unanawa, unakula. Ila huko Ujerumani nimekutana na kijiko cha daraja nyingine. Anaitwa der Löffel, na nisipomsifu nitakuwa mwizi wa fadhila, kwa jinsi alivyonitoa jasho kabla hajanifikishia supu mdomoni.

Tazameni cheo chake. Sisi herufi kubwa tumewawekea Mungu, watu na miji. Mjerumani, mwenye moyo mpana, huipa kila nomino, hata ikiwa katikati ya sentensi. Kwa hiyo kijiko cha kukorogea chai huandikwa kwa adabu ileile anayoandikiwa mkuu wa nchi. Na jina lenyewe halitamkwi na kila mlevi. Kinywa kilichozoea irabu tano hakina mahali pa kuweka hiyo ö. Mwalimu alitufundisha tuseme “e” huku midomo tumeiviringa kama wanaotaka kusema “o”. Darasa zima tukaketi tumebinua midomo, watu wazima kumi na wawili, kama tunaopuliza uji wa moto.

Kisha ni mwanamume, huyu Bwana. Uma, die Gabel, ni mwanamke. Kisu, das Messer, si huyu wala yule. Nilimuuliza mwalimu ni nini walichokiona kwenye kijiko wakaamua hivyo. Akanitazama kwa huruma: “Ni hivyo tu.” Mark Twain alishalalamika mwaka 1880 kwamba katika lugha hii msichana hana jinsia ilhali tanipu anayo. Mimi silalamiki. Msichana, das Mädchen, kawekwa kundi moja na kisu. Wazazi wenye mabinti watanielewa.

Lakini utukufu wa Bwana Kijiko uko kwenye mavazi. Akiwa mtenda, amelala zake mezani, ni der Löffel. Ukimwosha, amekuwa mtendwa: den Löffel. Ukila naye, mit dem Löffel. Ukitaka kutaja mpini wake, des Löffels, na s ya mkiani juu yake. Mavazi manne, na bado hujamaliza sahani. Unajiambia, kama kimoja kina kanzu nne, vikiwa vingi itakuwaje? Hapo ndipo anapokucheka. Wingi wake ni die Löffel. Jina halikuguswa! Uma, mke mwenye bidii, huongeza n akawa Gabeln. Bwana mkubwa hajisumbui. Sikushangaa sana, maana tabia hiyo tulishaionja nyumbani. Mwaka 1904 Wajerumani walituletea sarafu ya heller, mia moja kwa rupia moja. Nayo kwao ni der Heller, wingi die Heller, bila nyongeza. Sisi tukaibakiza ikawa hela, na mpaka leo hela hii na hela hizi ni hela tu, na hazitoshi.

Ukishazoea kwamba wingi haubadiliki, sema sasa “kwa vijiko”. Mit den Löffeln. N imechomoza kama kipele, na ile den uliyoikariri usiku kucha kuwa ya kijiko kimoja kinachooshwa imehamia kwa vijiko vingi bila kuaga.

Nilipoiweza hatimaye, niliiweza vizuri mno. Ilikuwa Leipzig, jikoni kwa mama mwenye nyumba niliyepanga kwake. Tulikuwa tumemaliza supu ya dengu, akanyoosha mkono apokee vyombo. Nikamkabidhi kijiko, na kwa sauti ya mtu aliyeshinda mtihani nikatamka: “Ich gebe den Löffel ab.” Den, siyo der! Kitenzi kimekatwa pawili, kipande kimekwenda mwisho kama inavyotakiwa. Mama wa watu akashika meza, akacheka mpaka machozi. Sarufi ilikuwa safi. Ila kwao kukabidhi kijiko ni kama kwetu kukata kamba. Nilikuwa nimemtangazia, kwa tabasamu, kwamba ndiyo nakufa.

Basi mnaona ukubwa wake: vyombo vingapi vya jikoni vimeaminiwa kubeba mauti? Na bado hajachoka. Hata masikio ya sungura wameyaita Löffel.

Miezi iliyofuata yule mama alianza kujifunza Kiswahili. Alikuwa na safari ya Zanzibar. Nikamketisha mezani palepale. Kijiko, vijiko: akafurahi. Kisu, visu: akapiga makofi, akasema lugha yetu ina mantiki. Akashika uma, akaniambia kwa kujiamini, “Viuma.”

“Hapana, mama. Nyuma.”

Akageuka kutazama nyuma yake.

“Hapana. Uma mmoja, nyuma mbili. Nyuma ziko wapi?”

Akageuka tena. Kwa bahati mbaya safari hii alikuwa sahihi, maana droo ya vyombo ilikuwa mgongoni pake, na nyuma zilikuwa nyuma. Akauweka uma chini polepole, akavua miwani, akaniuliza kwa nini.

Nikabinua midomo kidogo, nikamjibu: “Ni hivyo tu.”