Hassan Apigwa Nyota

Mpwa wangu Hassan alikuwa chini ya mkungu pale Ukunda, yeye na wenzake, wanacheza ule mchezo wa risasi wa kwenye simu. Akaandika jina lake tu wenzake wajue yupo. Likarudi H*an. Kumbe zile herufi tatu, kwa Kiingereza, ni makalio. Akafungiwa kuandika siku mbili. Akina Kassim nao wajihadhari. (Mwaka 1996 kampuni ya AOL iliwakatalia watu wa Scunthorpe, Uingereza, kujisajili kwa kosa la tusi lililojificha ndani ya jina la mji wao. Msambweni, alhamdulillahi, imesalimika.)

Siku hiyohiyo kijana wa Diani alimwandikia: "Ndugu yangu, hiyo ni bunduki, si mwiko wa sima." Ikapita bila nyota hata moja. Mtambo haujui fumbo.

Serikali haina mzaha hivyo: sheria ya Kenya ya makosa ya mtandao ya 2018 iliweka faini ya hadi shilingi milioni 20, au miaka 10 jela, kwa anayemsumbua mwenzake mtandaoni. Niliposoma nilimhofia mamangu, kisha nikakumbuka hana hata simu. Ana leso, na jirani anajua kusoma.