Reli ya Bustanini: Majibu kwa Waliokwama Njiani

Reli ya bustanini ni njia ya treni ya mfano inayojengwa nje ya nyumba, ardhini au juu ya nguzo fupi, ikapita katikati ya maua, mboga na mawe. Aina iliyoenea zaidi ilizinduliwa mwaka 1968 na kampuni ya Ernst Paul Lehmann ya Nuremberg, Ujerumani, kwa jina la LGB: reli mbili zilizoachana milimita 45, na vyombo vilivyopunguzwa mara 22.5. Shida zake karibu zote zina chanzo kimoja. Mjenzi hupunguza injini, mabehewa na stesheni, lakini hapunguzi mvua, jua wala kuku. Barua zinazojibiwa hapa zimepangwa kwa mfuatano wa ujenzi wenyewe, kuanzia kiwanja hadi matunzo.

Mke wa Stesheni Masta, Tanga

Mwandishi wa barua hii analalamika kwamba mumewe amepima bustani kwa kamba, na kamba imekata tuta la mchicha vipande viwili. Anauliza kama ndoa na reli vinaweza kukaa kiwanja kimoja.

Vinaweza, iwapo njia itainuliwa. Reli iliyojengwa juu ya nguzo za matofali, kimo cha sentimita 50 hadi 80, huchukua ukanda mwembamba tu na kuliacha tuta chini yake. Maji ya mvua hayaituamii, majani makavu hufagiliwa bila kuinama, na kiwanja chenye mwinuko husawazishwa kwa kubadili urefu wa nguzo badala ya kuchimba. Hasara yake ni kwamba treni inayotoka njiani huanguka kweli, kwa hiyo ukingo mdogo huwekwa kwenye kona na madaraja. Kabla ya tofali la kwanza kulazwa, njia huchorwa ardhini kwa mpira wa kumwagilia maji na kuachwa hivyo siku kadhaa. Katika siku hizo huonekana mahali maji yanapotuama, mahali watoto wanapokatiza na mahali kamba ya nguo inapofika. Mstari unaogombana na mojawapo ya hayo husogezwa. Kusogeza mpira ni kazi ya dakika moja. Kusogeza nguzo ni kazi ya mwisho wa wiki mzima, na maneno juu yake.

Abiria Wafupi, Morogoro

Msomaji ana injini ya mvuke ya reli ya zamani na behewa la reli ya kisasa, vyote vya milimita 45. Vikisimama stesheni moja, abiria wa behewa wanawafikia kifuani wafanyakazi wa injini. Anauliza kosa ni la nani.

Kosa ni la hesabu. Reli ya Kati ya Tanzania, kama ile ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu, ina upana wa milimita 1,000. Ukigawanywa kwa 22.5 hupatikana 44.4. TAZARA ina milimita 1,067. Zikigawanywa kwa 24 hupatikana 44.5. Reli za kisasa za Kenya na Tanzania zina milimita 1,435. Zikigawanywa kwa 32 hupatikana 44.8. Zote tatu zinakaa vizuri juu ya milimita 45, na ndipo mtego ulipo: magurudumu yanapatana, watu hawapatani. Mtu wa mita 1.7 huwa na milimita 76 katika kipimo cha kwanza na milimita 53 katika cha tatu. Dawa ni kuchagua kipimo kimoja na kukishika. Aliyekwisha kununua vyote viwili hupitisha kile kidogo upande wa nyuma wa bustani, ambako jicho hukubali kwamba kiko mbali.

Kona ya Kijicho, Kisumu

Mabehewa ya msomaji huyu huanguka kwenye kona ileile kila siku, naye anamshuku jirani anayechungulia juu ya ua.

Kabla ya jirani kushtakiwa, hupimwa nusu kipenyo. Kona ndogo kuliko zote za LGB ina nusu kipenyo cha sentimita 60. Ikikuzwa mara 22.5 ni mita 13.5, kona ambayo hakuna treni kubwa ya abiria ingeithubutu. Vibehewa vifupi vya ekseli mbili huipita. Mabehewa marefu husukumana na kupandisha magurudumu juu ya reli. Penye nafasi, nusu kipenyo cha sentimita 120 hutibu maradhi mengi. Mwenye ndoto ya injini kama Mount Gelai, ile Garratt iliyohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Reli Nairobi, akumbuke kwamba urefu wake wa karibu mita 32 huwa mita 1.4 bustanini.

Kona mbili zinazopinda pande tofauti hutenganishwa kwa kipande kilichonyooka, angalau urefu wa behewa refu kuliko yote. Mwinuko hauzidi sentimita 2 kwa kila mita inapowezekana, na ukipita 4 injini nyingi huteleza. Hesabu hiyo ndiyo huamua kama daraja litawezekana: njia inayopaswa kupanda sentimita 25 ili ivuke juu ya nyingine inahitaji mita 12.5 za kupanda, na nyingine kama hizo za kushuka. Mwishowe pima maji hulazwa kukingama juu ya reli zote mbili, kwa sababu reli moja ikititia, behewa huegemea upande huo hadi kuanguka. Behewa moja tu likianguka huku mengine yakipita salama, mgonjwa ni behewa: hupimwa nafasi kati ya magurudumu yake, ambayo huwa takriban milimita 40. Vyote vikiwa sawa na mabehewa bado yanaanguka, jirani anaweza kufikiriwa.

Masika Yamefika, Dar es Salaam

Njia iliyolazwa juu ya udongo mtupu imezama matopeni, na stesheni kuu imekuwa bandari.

Tuta la reli ya bustanini lina kazi ileile ya tuta la reli kubwa: kubeba uzito na kupitisha maji. Mtaro wa kina cha sentimita 10 hadi 15 huchimbwa, ukatandikwa kitambaa cha kuzuia magugu kinachopitisha maji, kisha hujazwa kokoto hadi zipande kidogo juu ya usawa wa ardhi. Kokoto zinazofaa ni ndogo, za milimita 3 hadi 6, zilizosagwa kiwandani na zenye pembe kali, pamoja na vumbi lake. Pembe hukamatana na vumbi huziba mianya, na baada ya kumwagiwa maji na kushindiliwa tuta hukaza. Changarawe za mtoni zina mviringo. Huviringika chini ya mataruma na njia haitulii kamwe. Pale maji yanapokatiza kila mwaka, kipande cha bomba hupitishwa chini ya tuta, kwa kuwa maji yaliyonyimwa njia hujichimbia yenyewe. Mbao za msingi huvutia mchwa. Saruji au plastiki ngumu hudumu zaidi.

Nyoka wa Saa Saba, Dodoma

Njia iliyonyooka alfajiri imejipinda kama nyoka ifikapo saa saba mchana. Msomaji ameipigilia misumari zaidi, nayo imezidi kujipinda.

Misumari ndiyo iliyoleta balaa. Reli nyingi za bustanini ni za brasi, aloi ya shaba na zinki, na kila mita ya brasi hurefuka takriban milimita 0.019 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Njia ya mita 10 iliyolala katika nyuzi 15 usiku na kufika 55 juani hurefuka karibu milimita 7.6. Urefu huo lazima uende mahali. Usipopewa nafasi kwenye maungio, hutoka ubavuni. Njia kwa hiyo haifungwi ardhini. Hulazwa juu ya kokoto na kuzungushiwa nyingine hadi usawa wa juu wa mataruma, ili iweze kusogea kidogo na kurudi. Vipande vya sentimita 30 vikiachwa na mwanya wa robo milimita katika kila kiungio, mita 10 huwa na nafasi ya kutosha. Kona husaidia pia, kwa kuwa hutanuka nje bila kuharibika. Kinachofungwa ni daraja na mahali njia inapogawanyika, basi.

Giza Upande wa Pili, Arusha

Injini inakimbia karibu na transfoma, inachechemea ikifika mbali, na tangu njia igeuzwe kuwa kitanzi cha kurudia ilikotoka haisogei kabisa.

Haya ni maradhi mawili. La kwanza ni upotevu wa umeme kwenye maungio yenye kutu. Kila kiungio hupakwa grisi ya grafiti au kukazwa kwa vibano vya skrubu, na waya mnene hupelekwa sehemu kadhaa za njia badala ya moja. Transfoma yenyewe hukaa ndani, pakavu, na kupeleka nje volti zisizozidi 24. La pili ni kitanzi: reli ya kushoto ikizunguka na kurudi hukutana na ya kulia, na umeme hupigana shoti. Kipande cha kitanzi hutengwa kwa viungio vya plastiki na kupewa swichi yake. Wengi hukwepa yote mawili kwa kuweka betri na kipokezi cha rimoti ndani ya injini. Reli hapo hubaki kubeba magurudumu tu.

Njia ya tatu ni mvuke halisi. Birika la injini hiyo hutiwa maji safi yasiyo na chumvichumvi, na gesi hujazwa mbali na moto. Gesi hukadiriwa iishe kabla ya maji, kwa sababu birika kavu juu ya moto huharibika.

Kuku na Mpapai, Moshi

Kuku wanaparua kokoto, na mpapai uliopandwa kando ya stesheni haupendezi.

Kokoto zilizokwisha kushikana haziwavutii kuku sana. Ambazo bado ni mpya hufunikwa kwa wavu. Mpapai una tatizo la kipimo. Jani la sentimita 5 tayari linalingana na jani la zaidi ya mita 1 kwa abiria wa 1:22.5, na la mpapai huwafunika stesheni nzima. Mimea inayofaa ni ya majani madogo na ukuaji wa polepole, kama vile thaimu inayotambaa, pamoja na vichaka vinavyovumilia kupogolewa. Ukoka hauna msamaha: hung'olewa ukiwa mchanga, kabla haujapita chini ya mataruma na kuyanyanyua.

Mvivu Mkweli, Leicester

Msomaji huyu anaomba orodha fupi kuliko zote ya matunzo, na anauliza kuhusu majira ya baridi ya Uingereza.

Kabla ya kila safari njia hufagiliwa na kukaguliwa kwa majani, vijiti na konokono, ambao wakipondwa hutelezesha magurudumu. Reli zinazobeba umeme husuguliwa kwa sponji ngumu iliyofungwa kwenye mpini mrefu. Msasa wa chembe kubwa haufai, maana huacha mikwaruzo inayoshika uchafu. Kila mwezi maungio hukazwa, ekseli hutiwa tone la mafuta na pima maji hupitishwa njia nzima. Mara moja kwa mwaka kokoto huongezwa palipotitia. Mvua kubwa ikipita, au theluji ikiyeyuka, ukaguzi huo hurudiwa, kwa sababu maji yanayoganda ardhini huinua tuta na kuliacha bila usawa. Injini, mabehewa na betri hulala ndani. Njia yenyewe hubaki nje mwaka mzima.