Heko kwa Tangazo la Stima

Flamingo wa Ziwa Nakuru wamesifiwa na kila mgeni aliyeshuka na kamera shingoni. Menengai nayo haikosi wa kuistaajabia. Leo naomba nimsifu mtukufu ambaye wageni hawamjui: tangazo la kukatika kwa stima.

Kwanza nasaba. Tangazo hili ni mzaliwa wa kaunti ileile inayozaa stima yenyewe. Mvuke wa Olkaria, kule Naivasha, umekuwa ukizungusha mitambo tangu 1981, na nyaya nene hupita juu ya mashamba yetu zikienda zake Nairobi. Sisi tulio chini tunapata kivuli. Na mtukufu ana mtoto, tangazo la maji. Mji huu hunywa sana maji ya visima, vya Kabatini na Baharini miongoni mwa vingine, na pampu haivuti kwa maombi. Stima zikipotea, mfereji nao unakauka. Siku mbili baadaye mtoto anabandikwa langoni kutueleza kwa nini juzi hatukuoga.

Ufasaha wake sasa. Linataja siku, linataja saa, tatu asubuhi hadi kumi na moja jioni, kisha linahesabu mitaa kama karani wa sensa: Kiamunyi, Kaptembwo, sehemu ya Section 58, shule, kanisa, kituo cha petroli. Mwisho kabisa yanakuja maneno matatu ambayo malenga angeuza ng'ombe ayapate: na wateja jirani. Nani asiye jirani wa mtu? Lanet ni jirani ya mji, Gilgil ni jirani ya Lanet. Miaka yote hii mtaa wangu haujaandikwa hata mara moja, na hata mara moja sijaachwa nje.

Linaunganisha watu pia. Kinyozi wetu alikuwa amemaliza upande mmoja wa kichwa changu mashine iliponyamaza. Nilikaa pale hadi magharibi, nikatoka ninamjua kuliko ninavyomjua shemeji yangu.

Afya je? Maji ya visima vya huku yana floridi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano, ndiyo maana wengi wetu hutambulika kwa meno ya kahawia kabla hatujataja kwetu. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ililazimika kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Tangazo halihitaji mifupa. Mfereji ukifungwa, meno yanapumzika.

Wapo wanaolibeza kwamba huchelewa. Ni kweli, aghalabu hufika giza likiwa limeshaingia, kama mtu anayekuja matangani na kuuliza nani amekufa. Lakini huku kwetu yako maji yanayokuja bila karatasi. Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la Patel lilipasuka kule Solai, wakafa watu zaidi ya 40. Mwishoni mwa Aprili 2024, usiku tena, mafuriko yakawakumba watu wa Mai Mahiu wakiwa vitandani. Maji hayo hayakuwa na saa tatu hadi saa kumi na moja. Kwa hiyo naivumilia karatasi inayokosea saa.

Ila mwezi uliopita yule mtoto alitutia aibu. Alitangaza Jumanne bila maji, na ploti nzima tukajaza: mitungi, makarai, sufuria za pilau, beseni la kuogeshea mtoto. Mama wa chumba cha mwisho alifua hadi mapazia, usiku. Jumanne ikafika. Mfereji ukatiririka tangu alfajiri, kwa nguvu ambayo hatujaiona tangu tuhamie. Watu wakazunguka uani wakiruka ndoo, hakuna pa kukanyaga. Saa kumi jioni msimamizi wa ploti akashindwa kuvumilia, akapiga simu kuuliza maji yanakatwa lini.

Akaambiwa asubiri tangazo.