Bei ya Visivyokuwepo

Tangazo la kuuza nakala ya gari la Lotus Seven iliyoandaliwa kwa mbio ni orodha ya visivyokuwepo: paa hakuna, milango hakuna, redio hakuna, hita imeng'olewa, na kila kilichopungua kimepandisha bei. Wenye dharau husema hilo si gari halisi, ni la kuiga. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama gari la asili lingekuwa na ukoo wa kifalme. Lakini Colin Chapman, mwasisi wa Lotus, alipolitoa mwaka 1957, aliliuza pia vipande vipande, Mwingereza aliunge mwenyewe nyumbani na kukwepa kodi ya ununuzi. Sasa fundi wa uani anachekwa kwa kufuata mila ya waasisi?

Watauliza wengine: kama liko tayari kwa mbio, mbona linauzwa? Hapo wana haki. Lililoandaliwa kwa mbio huenda limekwishakimbizwa, na pengine limekwishagonga. Basi mnunuzi, achana na nasaba. Kagua kama chesisi imenyooka, soma tarehe ya kuisha kwa mikanda ya usalama, kisha ndipo ujadili bei ya hewa.