Tatu Kati ya Tano

Marmoti wa bonde moja la Valais, kule Uswisi, aliamka Aprili akiwa amelala tangu Oktoba. Huyu ni wa ukoo wa kindi, ila ukimwona utadhani ni pimbi aliyeshiba. Kuamka si kazi kwake, kazi ni kutoka. Juu ya mlango wa shimo lake kulikuwa na theluji ya majira yote ya baridi, na juu ya hiyo theluji ya siku tatu zilizopita. Akaanza kuchimba kwenda juu, na kwa kuwa hakuwa na miadi na mtu, alitazama alichokuwa akichimba.

Chini kabisa alikuta chembe kubwa, kavu, zisizoshikana, ukizishika zinamwagika. Hizo ni za Novemba, theluji haba iliyokaa wiki nyingi kati ya ardhi yenye vuguvugu na anga la baridi kali. Juu yake magamba ya barafu. Kisha utepe mwekundu wa vumbi la Sahara, ambalo huvuka bahari na upepo wa kusini. Machi 2022 lilipaka milima ya Alps rangi ya kutu. Theluji yenye vumbi hilo hunywa jua zaidi kuliko theluji nyeupe, na huyeyuka upesi. Na juu ya yote hayo, zaidi ya mita moja ya theluji mpya, nzito, isiyojuana na lolote lililo chini yake.

Akatokeza kichwa, akakuta baraza la wanyama linajadili namba.

Kila jioni saa kumi na moja, Kunguru wa mdomo wa njano huleta taarifa ya taasisi ya theluji na maporomoko iliyoko Davos. Hatari ya maporomoko hupangwa ngazi tano, kipimo ambacho nchi za Ulaya zilikubaliana mwaka 1993. Juzi Kunguru alisema tano, na hakuna aliyebisha, maana barabara na reli zote zilikuwa zimefungwa. (Hilo sikulitunga: Aprili 2025, siku chache kabla ya Pasaka, mji wa Zermatt ulikatika vivyo hivyo.) Jana akasema nne. Leo alitua, akakunja mbawa, akasema, "Tatu."

Vigelegele.

"Imeshuka!" alisema Mbweha, mwenye nyumba ya wageni kule juu. "Ndugu zangu, hii ndiyo theluji ya mwisho mwaka huu. Atakayeikosa asije akalia Julai."

"Tatu kati ya tano ni katikati," alisema Mzee Pembe, mbuzi-mwitu ambaye pembe zake zilikuwa ndefu kiasi kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza swali. "Na katikati hakuna aliyewahi kuumia."

Kunguru alikuwa bado na kurasa za kusoma: miteremko inayotazama wapi, kimo gani, saa ngapi za mchana. Alikuwa hata na habari kwamba ngazi ya tatu hutangazwa karibu theluthi ya siku za majira ya baridi, lakini karibu nusu ya wanaouawa na maporomoko ya theluji nchini Uswisi hufa katika siku hizo. Ikitajwa tano, watu hukaa ndani. Ikitajwa tatu, hutafuta viatu. Lakini aliyekwisha kupata namba yake hasubiri kurasa, na baraza lilikuwa limeanza kutawanyika.

"Shikamooni wazee," alisema Marmoti.

"Marahaba."

"Mimi nimepita humo ndani, kutoka chini hadi juu. Chini hakuna kinachoshika."

Kimya kidogo. Kisha Mzee Pembe akacheka kwa upole, ule upole wa mkubwa anayekunyima kitu. "Mwanangu, wewe umelala miezi sita. Theluji tunaijua sisi tuliokesha nayo."

Sungura Mweupe, mgeni wa msimu wa kwanza, aliuliza kama likitokea la kutokea kuna msaada. Wakamwonyesha Mbwa wa Mtakatifu Bernard, mtu mzima mwenye ukoo wa heshima. Barry, mbwa wa ukoo huo aliyetoka katika nyumba ya watawa ya Mtakatifu Bernard na kufa mwaka 1814, anasifiwa kuokoa watu zaidi ya 40, na hadi leo amesimama ndani ya jumba la makumbusho la Bern, amejazwa. Mbwa alikohoa. Alisema kwamba yeye siku hizi hupigwa picha tu na watalii. Kwamba kale kapipa ka pombe shingoni kaliletwa na mchoraji Mwingereza, Edwin Landseer, mwaka 1820. Na kwamba aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika kumi huenda akapona, ila nusu saa ikipita, wengi hawaponi. Walimshukuru kwa historia nzuri.

Safari ya skii ya majira ya kuchipua huanza alfajiri. Usiku usipokuwa na mawingu, baridi huigandisha theluji; unapanda ingali ngumu, unashuka kabla ya adhuhuri. Usiku ule mawingu yalifunika bonde kama blanketi na hakuna kilichoganda. Isitoshe, kifungua kinywa cha Mbweha kilikuwa saa mbili, na kilikuwa kimeshalipiwa. Wakaondoka saa tatu na nusu, skii miguuni, chini yake ngozi za kupandia. Zamani ngozi hizo zilikuwa za sili hasa, jambo ambalo wanyama walikubaliana wasilizungumze.

Mbele ya mteremko mkubwa Mzee Pembe aliukadiria kwa macho akasema nyuzi 29. Alijua kwamba balaa huanzia 30. Akavuka. Swala wa majabali wawili wakavuka. "Mnaona?" alisema, na alama za skii zao zikawa mashahidi watatu. Aliyefuata alikuwa Sungura, mwepesi kuliko wote, na nyuma yake Swala wa tatu. Sungura alipita karibu na miamba, pale theluji ilipokuwa nyembamba na Novemba ilipokuwa karibu na miguu yake.

Mlima uliguna. Ufa ukakimbia juu yao, na mteremko mzima ukaondoka.

Sungura alivuta kamba, mfuko wa hewa ukafura mgongoni, akabaki na masikio juu. Swala alikwenda chini. Wenzake walikuwa na kila kifaa: redio za kifuani, fito, sepetu. Sepetu moja ilikuwa bado na karatasi ya bei. Aliyejua kuchimba ni Marmoti, ambaye alikuja mbio kutoka bondeni, na alipomfikia Swala zilikuwa zimepita dakika 40.

Baraza lilikaa kesho yake, likaunda kamati. Mzee Pembe aliombwa kuiongoza, kwa kuwa alikuwepo. Kamati iligundua kwamba ngazi ya tatu ilitangazwa kwa sauti isiyo na uzito, na Kunguru akapewa onyo la maandishi. Ushahidi wa Marmoti ulipokelewa kwa shukrani na kuingizwa kwenye muhtasari wa kikao, ukurasa wa mwisho, chini ya "Mengineyo," baada ya tangazo la Mbweha kwamba nyumba yake itakuwa wazi hadi katikati ya Mei.