YAH: Kumdhamini Mwombaji Aliyepata Ukunga Angani

Kwa Wenyeviti wa Kamati za Udahili,
Vyuo vya Udaktari,
Marekani.

Ndugu Wenyeviti,

Mimi ni muuguzi mkunga katika kituo cha afya nje kidogo ya mji wa Moshi. Binti mmoja wa kwenu, mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyekuja kujitolea katika kliniki yetu ya mama na mtoto, ameniandikia kwa WhatsApp akiomba nimdhamini ili apate nafasi ya kusomea udaktari. Nimekubali kwa moyo mweupe. Ni binti mwenye adabu. Alimwamkia kila mtu shikamoo, wakiwemo watoto waliokuja kuchanjwa, na kiburu alikula hadi akaongezwa.

Ananiambia fomu yenu ina nafasi 15 za kutaja shughuli alizofanya, na kati ya hizo anachagua 3 zilizokuwa na maana kuliko zote. Kliniki yetu imo katika hizo 3. Tumefurahi, ingawa kwetu ilikuwa Julai ya kawaida.

Nianze na uwezo wake wa kujifunza, ambao sijawahi kuuona kwa binadamu mwingine. Kwa maelezo yake mwenyewe, hospitali ya mjini kwao ilimruhusu kusukuma vitanda na kuwapelekea wagonjwa maji ya kunywa, basi. Akapanda ndege. Mahali fulani juu ya Bahari ya Mediterania elimu ikamshukia, maana alipotua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro alikuwa tayari ni daktari. Kampuni iliyomleta ilimvalisha koti jeupe lenye jina lake kifuani. Jumatatu alipima watoto uzito na kuwazungushia utepe mkononi, kazi ambayo kweli ilitusaidia, foleni ilikuwa imefika getini. Alhamisi alikuwa leba.

Hapo leba naomba tukae kidogo. Mama aliyekuwa kitandani alikuwa na mimba ya kwanza. Nilikuwa nimempima njia, nikajaza patografu, ile chati ya maendeleo ya uchungu, na kipimo kinachofuata kilikuwa baada ya saa 4. Hatupimipimi ovyo, kwa sababu kila mkono unaoingia unaweza kuingia na maambukizi. Kabla wino haujakauka, mganga akaingia na mgeni wake. Akapima yeye, kisha akampisha binti "apate uzoefu." Je, mama aliombwa ridhaa? Aliombwa. Aliambiwa: "Mama, huyu ni daktari kutoka Marekani, hakuna shida, eti?" Mama akanyamaza, na kimya chake kikahesabiwa kuwa ndiyo. Sijui kwenu, lakini huku ni vigumu mno kumkatalia mgeni ukiwa umelala chali.

Binti akatangaza sentimita 8. Zilikuwa 4. Mganga akatafsiri kwa sauti, mama akasikia nane, akaanza kusukuma. Mama akisukuma njia haijafunguka, mlango wa kizazi unaweza kuvimba na uchungu kurefuka. Nilikaa naye muda mrefu nikimbembeleza avute pumzi, wakati binti akiandika kwenye daftari. Nadhani daftari hilo ndilo lililozaa insha mliyoisoma.

Mtauliza kwa nini mganga mfawidhi anaruhusu mambo haya. Ni swali zuri, na jibu lake lina vumbi jeupe ndani. Kampuni hukiletea kituo glovu. Mgeni huilipa kampuni fedha ambazo binti mwenyewe alinitajia kwa aibu, na sisi hupata maboksi machache ya glovu, ambazo sehemu kubwa huvaliwa na mgeni. Hivyo tunabaki na upungufu uleule, ila sasa una picha.

Nina mpwa wangu aliyesomea uuguzi na ukunga miaka 3. Kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, hakuweza kumgusa mzazi kwa jina la mkunga mpaka asajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga na apewe leseni. Hata mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye leba haimhusu, anafundishwa miezi 6 chini ya mpango uliozinduliwa Januari 2024. Mpwa wangu akitaka kufanya kazi kwenu atahakikiwa vyeti, atafanya mtihani wa Kiingereza, kisha mtihani wenu wa leseni ya uuguzi, NCLEX, kisha atasubiri viza. Nimemshauri aache usumbufu huo wote. Apande ndege tu. Kama elimu humshukia mtu angani akija huku, labda humshukia pia akienda.

Insha ya mwombaji inasema alisaidia kuokoa maisha ya mama aliyetoka damu nyingi baada ya kujifungua. Niliihakiki habari hii kwa waliokuwepo. Mama yule aliokolewa na sindano ya oksitosini iliyotunzwa kwenye friji, na dereva aliyetumwa na m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, baada ya kupigiwa namba 115, na damu aliyochangiwa hospitali ya rufaa. Binti alishika tochi. Aliishika vizuri, na ninamdhamini kwa hilo bila kusita.

Wala si mama huyo pekee aliyeokolewa bila koti jeupe: hapa Tanzania, mwaka 2015–16 utafiti wa kitaifa ulikadiria kwamba akina mama 556 walikufa kwa uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa 2022 ulikuta 104. Katika kipindi hichohicho, akina mama wanaojifungulia kwenye vituo walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Nyuma ya tarakimu hizo kuna vyumba vya upasuaji vilivyojengwa kwenye vituo vya afya, na wakunga wa zamu za usiku ambao hakuna fomu yenye nafasi yao hata moja kati ya 15.

Sasa ndugu zangu, kinachonishangaza ni kwamba mnayajua haya. Jumuiya ya vyuo vyenu, ileile inayopokea fomu hizo, ilitoa mwongozo mwaka 2011 kwamba mwanafunzi anayekwenda nje aende hasa kutazama na kujifunza, asitibu. Nimeusoma. Ni waraka mzuri kabisa. Kisha insha inafika mezani kwenu ikisema "nilizalisha," na hakuna anayeuliza kwa leseni ya nani.

Mkidhani ninakuza mambo, hapo jirani, Jinja nchini Uganda, Mmarekani mmoja asiye na taaluma ya tiba aliendesha kituo cha watoto wenye utapiamlo mkali. Kati ya 2010 na 2015 kilipokea watoto 940, 105 walifariki. Akina mama wawili walifungua kesi 2019, na mwaka uliofuata ikamalizwa kwa malipo, bila yeye kukiri kosa. Naye alianza kwa kujitolea.

Ninachoomba ni kitu kidogo. Kwenye fomu, chini ya shughuli za nje ya nchi, ongezeni mstari mmoja: "Je, kazi hii ungeruhusiwa kuifanya hospitali ya mjini kwenu?" Atakayejibu hapana, msimpe alama hata nusu. Kampuni zitakosa wateja kabla ya msimu wa mvua, na glovu tutaziomba kwa mkurugenzi wa halmashauri, ambaye ndiye anayedaiwa.

Mwisho, mwombaji amenitaka nieleze kama ningekubali amtibu mtu wa familia yangu. Akisoma, akafaulu na kupata leseni, nitakubali. Julai iliyopita, hapana.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mkunga wa zamu ya usiku